Pampu ya Sabuni ya Bibi Hildegardi

Watu ni wepesi wa kusahau, jamani. Juzi juzi tu kipande cha sabuni kilikuwa kinapangiwa foleni tangu alfajiri, na aliyekipata alikificha chini ya godoro. Watu wakaogea majani ya mpapai, wakafulia majivu, na maisha yakaenda. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, malori yakaanza kupanda kutoka Songea yamesheheni, na haikuchukua miaka mingi mtu wa Mbinga akawa anasimama mbele ya kaunta anachagua sabuni kwa rangi. Anachagua! Na Thabiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, akawapita wenzake wote. Alikwenda Dar es Salaam akarudi na pampu za sabuni za kufunga ukutani.

Thabiti alikuwa na miaka thelathini na miwili. Wazazi wake walitoka Kilwa wakaja kufungua duka Mbinga kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo Uswahili wake ulikuwa wa pwani na koti lake lilikuwa la baridi ya huku. Vitu alikuwa anavijua, hilo huwezi kumnyima. Bawaba, kitasa, bomba, rangi, ukimwuliza anakujibu mpaka unajuta kuuliza. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alipenda mno watu waone kwamba anajua. Pampu zile alizipanga mbele kabisa ya kaunta, na wiki mbili zilipita watu wakiingia, wakizishangaa, wakinunua misumari yao na kuondoka.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, baridi imeuma hasa, aliingia Bibi Hildegardi ameshikwa kiwiko na mjukuu wake Devotha. Thabiti alitoka nyuma ya kaunta mbio.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Hasna na watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Asiyemjua Bibi Hildegardi basi hakuzaliwa Mbinga. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na tano, kwanza kule Lundo, kwenye zahanati ya karibu na ziwa, halafu akapanda huku milimani kwao. Thabiti mwenyewe alipokewa na mikono yake, na watoto watatu wa Thabiti wakapokewa na mikono ileile. Lakini mikono hiyo sasa ilikuwa imeshikwa na baridi yabisi. Vidole vilikuwa vimejikunja vikaelekea pembeni, havikunjuki wala havifumbiki, na alikuwa anavificha ndani ya khanga kama mtu mwenye aibu. Thabiti hakupenda kuitazama, maana ilimuuma.

"Nimesikia una kitu kinachotoa sabuni ukutani," Bibi alisema. "Nimekuja kukiona."

Devotha ndiye aliyeeleza, maana Bibi hakuwa mtu wa kulia shida. Yeye Devotha alikuwa akiishi na bibi yake na kumwogesha kila siku, lakini Jumapili alikuwa anaondoka kwenda chuo cha ualimu. Mjomba wake Othmar, mtoto wa pekee wa Bibi aliyebaki, alikuwa karani Songea, naye alisema Jumamosi anakuja na gari kumchukua mama yake akaishi naye mjini. Bibi hakutaka kusikia. Nyumba yake, kahawa yake, na kaburi la mumewe vyote vilikuwa kule kilimani.

"Othmar si mtoto mbaya," Bibi alidakia. "Anaogopa tu. Nikamwambia, kuvaa navaa, kula nakula, jirani ananisongea ugali. Tatizo langu ni kuoga. Akaniambia, 'Mama, siku nitakapokuona umeoga mwenyewe bila kushikwa na mtu, nitakuacha ukae kwako.' Nami nimemshika kwa neno lake."

"Na kinachokushinda ni nini hasa, Bibi?"

"Sabuni. Maji najimwagia, kata nimeifunga kitanzi naivaa mkononi. Dodoki nalo nalifunga vivyo hivyo. Lakini kipande cha sabuni kinaniponyoka, kikianguka siwezi kukiokota. Niliwahi kukifuata chini nikaanguka na mimi. Basi, nioge maji matupu kama bata?"

Thabiti akapandwa na moyo wa kazi. Hapa ndipo pake! Akachukua pampu ya kwanza, ile aliyoipenda kuliko zote, yenye vioo viwili vinavyong'aa na pindo la rangi ya dhahabu. Akaeleza. Chumba hiki sabuni ya mwili, chumba hiki shampuu, hapa unabonyeza kwa kidole, tone moja linatoka, halipungui halizidi. Akaleta ya pili, nyeupe, ya mahoteli makubwa, ina na ufunguo ili wageni wasiibe sabuni. Alisema mpaka mate yakamkauka. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akatoa mkono kwenye khanga akajaribu kubonyeza kitufe cha ile ya dhahabu. Kidole kikateleza. Akajaribu kwa kifundo, kikateleza. Akajaribu kwa kiwiko, kitufe kilikuwa kidogo, kiwiko kikagonga kioo.

"Utaizoea, Bibi," Thabiti alisema.

Bibi alimtazama. "Mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kukuogesha, Thabiti. Ulipiga kelele mpaka mama yako Mwanahamisi akaogopa. Nilikwambia utazoea? Nilipasha maji."

Loo, Thabiti aliona uso unamchoma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na yeye ndiye aliyekuwa akiupigia mkakasi debe. Akaisogeza ile ya dhahabu pembeni.

"Na ile kule chini ni nini?" Bibi aliuliza.

Chini ya kaunta, ndani ya boksi la vifaa mchanganyiko, ilikuwako pampu ya tatu. Ilikuwa ya kijivu, ya vyumba viwili, haina sura, na badala ya kitufe kila chumba kilikuwa na mkono mrefu wa chuma ulioning'inia mbele yake. Ilikuja kwenye katoni kwa makosa, na Thabiti aliona haya hata kuipanga.

"Hiyo si ya nyumbani, Bibi. Hiyo ya hospitali. Mbaya hata kuitazama."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Inama basi, mwanangu."

Thabiti akainama. Akaitia maji, akaishika juu ya kaunta kwa mikono miwili. Bibi akasogea, akainua kiwiko, akausukuma mkono mmoja wa chuma polepole. Maji yakatoka, chwii, yakamwangukia kiganjani.  Akasukuma tena, kwa kiwiko cha kushoto. Akajaribu kwa kifundo cha mkono, akajaribu kwa nyuma ya mkono, akafumba macho akajaribu bila kuona. Mara zote maji yakatoka.

"Kule Lundo mabomba yetu yalikuwa hivi," alisema akiwa bado amefumba macho. "Mpini mrefu. Unaosha mikono, unafunga kwa kiwiko, hugusi kitu tena mpaka umempokea mtoto. Kiwiko changu kinajua kazi hii kabla wewe hujazaliwa."

Thabiti alibaki ameishika pampu, maji yanamchuruzika mikononi, anamtazama yule mama. Miaka yote ameuza vitu, hakuwahi kuona mtu anachagua namna ile. Wateja wake walichagua kwa macho na kwa jirani amenunua nini. Huyu alichagua kwa mwili wake wote, taratibu, bila kudanganyika. Heshima aliyokuwa nayo kwake tangu utoto ikaongezeka palepale, na hakuificha.

"Bibi, mashallah. Wewe ungekuwa ndiye mwenye duka."

"Vyumba viwili vya nini? Nywele zenyewe ninazo za kuhesabu."

"Hicho cha pili tutatia mafuta ya kupaka. Yangu ya nazi yapo, mazuri."

Bibi na Devotha wakacheka pamoja. "Ya nazi, mwezi wa sita, Mbinga? Mtu wa pwani wewe! Yataganda mpaka Oktoba. Tia ya alizeti."

Bibi akalipa, akakataa katakata kupewa bure, wakaondoka. Thabiti akaahidi kumtafuta fundi mwenyewe na kusimama kazini mpaka mwisho.

Fundi aliyemtafuta alikuwa Tarsisi, na kwa haki kabisa usingeweza kupata fundi bora kuliko yeye. Kuta alikuwa anazijua, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Makanisa makubwa na vigango vya vijijini kuanzia Ukata mpaka kule chini ziwani vilimwita yeye kwa kazi ya lipu na ya kufunga vitu ukutani. Alhamisi alikuja na keekee lake la kutobolea, bisibisi, tindo na pima maji, akipiga mluzi. Bibi alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya, Devotha alikuwa mtoni, kwa hiyo wanaume wawili waliachwa na bafu peke yao.

Lilikuwa bafu la nje, la matofali mabichi yaliyopigwa lipu, alilolijenga marehemu mume wa Bibi. Ndani kulikuwa na kigoda kwenye kona ya mbali, karibu na tundu la kutolea maji, na hapo ndipo Bibi alipokuwa akikaa kuoga. Tarsisi hakukitazama kigoda. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia, akaweka alama, akatoboa, akafunga. Thabiti akaweka pima maji juu yake, akakuta imenyooka. Akarudi nyuma akaitazama, akasema, "Hii imekaa! Fundi, hii imekaa kabisa!" Akamsifu mpaka Tarsisi akaona aibu.

Bibi alirudi saa tisa pamoja na Devotha. Akaingia bafuni, wao wakamfuata. Akageuka kulia, akaiona pampu, mkono wake ukanyanyuka ukaigusa, halafu ukaenda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukaenda bega la kushoto. Hapo ukasimama.

"Yesu na Maria!" Bibi alisema. "Tarsisi, umenitengenezea kanisa?"

Devotha alicheka mpaka akakaa chini. Tarsisi alishika kichwa. Thabiti peke yake hakuelewa, akawa anageuka huku na huku. Ikabidi aelezwe kwamba mlangoni mwa kanisa, upande wa kulia, kwa kimo kilekile, hukaa chombo cha maji ya baraka, na kila Mkatoliki anayeingia huchovya kidole akafanya ishara ya msalaba. Tarsisi amefunga vyombo hivyo miaka ishirini.

"Nisamehe, Bibi," fundi alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Ukutani, karibu na mlango, mkono haukuniuliza."

"Sina hasira. Wangu nao haukuniuliza."

Na Thabiti, ambaye alikuwa ameingia duniani bila kuchovya kidole popote, muda wote ule alikuwa anasifia kosa. Alicheka na yeye, lakini kicheko kilimwishia alipomwona Bibi anapima kwa macho. Kutoka kigodani mpaka mlangoni ni hatua nne, juu ya sakafu yenye maji na povu. Mtu aliyekwisha kuanguka mle ndani hawezi kutembea hatua nne kufuata sabuni. Na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Ijumaa asubuhi wakaanza upya, safari hii ukuta wa karibu na kigoda. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ukuta ule ulikuwa umepigwa na maji ya kuoga kwa miaka ishirini. Kwa juu lipu ilikuwa nzima, lakini keekee lilipopenya, ndani kulitoka udongo laini, tifu tifu, ukamwagika chini. Vile vijumba vya plastiki vya kushikia skrubu vikazunguka bure ndani ya matundu. Tarsisi akahamia juu kidogo, vilevile. Akahamia pembeni, kipande cha lipu upana wa sahani kikaanguka na nusu ya tofali nyuma yake. Pampu ikaponyoka, na Thabiti akaidaka kwa kifua. Isingekuwa kifua kile, hadithi ingekwisha hapo.

"Tumwage zege," Thabiti alisema.

"Zege likauke lini? Kesho?"

"Basi tubomoe ukuta, tujenge wa bloku."

"Kesho?"

 Thabiti akatazama ukuta umejaa matundu, akatazama saa. Ilikuwa inakaribia swala ya Ijumaa. Akaenda msikitini amenyong'onyea, na wakati wa dua aliomba jambo moja tu, tena kwa maneno ya wazi. Alimwomba Mungu asimfanye yeye kuwa mtu aliyemtoa Bibi Hildegardi nyumbani kwake.

Aliporudi, bafuni hakukuwa na mtu. Akamkuta Tarsisi ameinama kwenye kishamba kilicholazwa kipumzike nyuma ya nyumba, anakata nyasi kwa nyengo, ule mundu wa huku.

"Fundi, umeacha kazi?"

"Naifanya."

"Ala! Kwa nyasi?"

"Mwulize mwenye kazi."

Mwenye kazi alikuwa uani. Bibi Hildegardi alikuwa amevua viatu, amepandisha khanga, anakanyaga udongo wenye maji ndani ya karai pana, hatua kwa hatua, Devotha akimshika mgongo. Mikono ilikuwa imekufa lakini miguu ilikuwa mizima, na ilikanyaga kwa nguvu ya mtu aliyelima miaka sitini.

"Thabiti, njoo," aliita. "Unaliona shamba langu lile?"

Thabiti akalitazama. Nani asiyeyajua mashamba ya Wamatengo wa milima hii? Mteremko mkali, hata mbuzi anaupanda kwa adabu, na juu yake mashimo ya mraba yamejipanga tangu chini mpaka kileleni, kila shimo limezungukwa na tuta.

"Ngolo," Bibi alisema. "Mvua ya miaka hamsini imepita pale, na udongo uko palepale. Unajua kwa nini? Kwanza wanaume wanakata nyasi. Wanazilaza hivi, halafu wanazilaza hivi juu yake, zinapishana. Sisi wanawake tunachimba katikati, udongo tunaufunika juu ya nyasi. Nyasi inashika udongo, shimo linashika maji. Hakuna msumari hata mmoja kwenye mlima ule."

"Sasa ukuta, Bibi..."

"Ukuta ni nini? Udongo uliosimama. Nyinyi tangu asubuhi mnaupigia skrubu. Udongo haupigiwi skrubu, udongo unapewa kitu cha kushika."

Thabiti aliwahi kupita mbele ya mashamba yale maelfu ya mara, akiwa mtoto akienda shule, akiwa mtu mzima akienda Mbamba Bay kuuza bati. Siku zote aliyaona mashimo. Siku ile ndiyo aliona akili iliyokuwa ndani yake. Duka zima analo, skrubu za kila saizi anazo, na mama mwenye vidole visivyofumba amempita hivi hivi akiwa ndani ya karai. Hakuona wivu. Aliona furaha, furaha ya kweli, kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Akavua viatu. Akakunja suruali yake ya Ijumaa mpaka magotini, akaingia kwenye karai kukanyaga.

"Polepole," Bibi alimwambia. "Hukimbizwi."

Kigogo cha kuzika ukutani, ili skrubu zipate pa kushika, Bibi alikichagua mwenyewe. Kulikuwa na shina la mbuni lililokufa pembeni ya nyumba, la miti ya kwanza aliyoipanda mumewe, gumu ajabu. Tarsisi akakata kipande cha kimo cha shubiri mbili, akakichonga kikawa chembamba mbele na kipana nyuma. Kabla ya kutoboa, akamketisha Bibi kigodani.

"Fumba macho, Bibi. Fanya kama unatafuta sabuni."

Bibi akafumba macho, akainua kiwiko. Kilipogusa ukuta, Tarsisi akaweka alama kwa mkaa. Akamwambia ainue tena. Kikagusa palepale. Thabiti akatikisa kichwa, akikumbuka kwamba jana walipima kila kitu isipokuwa mwenye kuoga.

Tarsisi akachimba tundu pana. Akakikaza kigogo mle, upande mpana ukiwa ndani, halafu akaanza kuujenga ukuta ukizunguke. Akalaza nyasi hivi, akatia udongo, akalaza nyasi hivi, zikipishana, akatia udongo, akishindilia kwa mpini wa mwiko. Bibi akiwa kigodani alisimamia kila tabaka. "Nyasi kidogo hapo. Usizikunje. Shindilia." Fundi wa makanisa akaitika, "Ndiyo, Bibi," kila mara, na mkono wake ukawa mzuri kuutazama, mwepesi na wenye heshima. Alipomaliza akapiga lipu nyembamba, akaacha uso wa kigogo tu unaonekana. Wakaleta jiko la mkaa, wakaliweka mbele ya ukuta likaukaushe alasiri yote. Devotha akalichochea mpaka jua likazama.

Jumamosi asubuhi Tarsisi aliifunga pampu kwa skrubu nne kwenye mti wa mbuni. Ziliingia kwa kulia, kwa kubana. Akatundika ndoo ya maji imejaa kwenye ile pampu. Haikutikisika. Thabiti, asiyeamini mpaka ashike, akaivuta kwa mikono miwili. Haikutikisika.

"Hiyo," Tarsisi alisema, "mpaka ukuta uanguke wenyewe."

Saa sita kasoro ikaingia pikapu. Othmar alishuka amejaa vumbi jekundu tangu kope mpaka viatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye uso wa wasiwasi. Ndiye aliyemkuta mama yake chini sakafuni mwaka jana, na tangu hapo hakupata usingizi mzuri. Aliamkia, akamkumbatia mama yake, akaanza kupakia bila maneno mengi. Alipakia sanduku, akapakia blanketi, akapakia godoro.

"Othmar," Bibi alisema, "neno lako bado ni neno?"

Othmar akasimama. "Ahadi ni deni, mama. Lakini..."

"Basi kaeni nje wote. Devotha, na wewe. Asiingie mtu."

Akaingia, akasukuma mlango kwa bega.

Nje wakakaa. Thabiti juu ya jiwe, Tarsisi amechuchumaa, Devotha kwenye kizingiti cha jiko ameuma kidole, Othmar amesimama karibu na pikapu. Wakasikia maji, kata moja, kata ya pili. Halafu wakasikia chwii. Devotha akamtazama Thabiti. Chwii tena. Kisha kitu kikaanguka sakafuni, tang! Kimya. Othmar akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Kaa," Thabiti alimwambia.

"Ameanguka!"

"Ni kata. Nakuomba, kaka yangu. Kaa."

Lakini na yeye alikuwa amekwisha kuinuka kwenye jiwe lake. Kimya kikaendelea. Kama ni kata na imemponyoka, atajimwagia maji kwa kitu gani? Kama si kata? Yeye ndiye aliyemzuia mtoto asimwendee mama yake. Akafikiri, nahesabu mpaka kumi naingia mimi, na aibu na iwe aibu. Alifika saba.

Ndani kukasikika kata ikivutwa sakafuni kwa kitanzi chake, kisha maji. Halafu sauti ya Bibi, ndogo, ya taratibu, haisemi na mtu wa nje.

"Haya, haya, mwanangu. Lia tu. Maji hayaui. Tunaondoa ya safari, halafu unalala. Haya, haya."

Thabiti aliinama akaziba uso. Maneno hayo aliyajua. Aliyasikia mara tatu nyumbani kwake, nyuma ya pazia, kila Hasna alipojifungua, Bibi akimwogesha mtoto maji ya kwanza. Na mara moja kabla ya hapo aliambiwa yeye. Mji mzima uliambiwa maneno hayo. Leo mwenyewe alikuwa anajiambia, mikono yake ikijiogesha.

Chwii. Chwii. Maji. Chwii ya upande wa mafuta.

Alipotoka alikuwa amevaa gauni jingine, khanga kifuani, uso unang'aa. Alisimama mbele ya Othmar, akageuza shingo huku na huku ili mwanawe aangalie nyuma ya masikio, kama yeye alivyokuwa akimkagua zamani kabla ya kwenda shule. Othmar akaangalia. Akaishika mikono ya mama yake iliyojikunja, akaitazama katikati ya vidole. Ilikuwa safi, na safari hii Bibi hakuificha.

"Mama," Othmar alisema.

"Umejaa vumbi. Ingia ukaoge, usiimalize sabuni yangu."

Othmar akaingia. Akakaa mle ndani muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji, na wote wakasikia chwii, halafu kimya, halafu chwii tena.  Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, akafungua kamba, akalibeba godoro kichwani.

"Liweke palepale lilipokuwa," Bibi alimwambia, "upande wa dirisha."